Rampu ya skeiti niliyojenga nyumbani inanitupa nikifika juu. Kosa liko kwenye tao, bomba au sakafu?

#1 Fundi_wa_Jioni
Wakuu salaam. Nimejenga rampu ya skeiti (ubao wa magurudumu) nyuma ya nyumba, zile mbili zinazotazamana na katikati kuna sakafu tambarare, imenichukua wikiendi sita na viganja vimeota sugu ila imesimama. Vipimo: kimo sm 90, tao nimelichora kwa radiasi (nusu kipenyo) ya sm 150, sakafu ya katikati sm 180, juu nimelaza bomba la chuma la kipenyo cha mm 60. Mbavu za ndani, zile zinazolala toka upande hadi upande, ni mbao za inchi 2 kwa 4, kutoka moja hadi nyingine sm 40, juu yake plaiwudi ya mm 9 tabaka mbili.

Shida ni hii. Napanda vizuri tu na spidi yangu, nikikaribia juu kuna kitu kama kinaninyanyua na kunitupa nyuma, yaani ubao unatangulia mimi nabaki. Nikishuka kutoka juu natupwa kwa mbele. Rampu ya kushoto ndo mbaya zaidi kuliko ya kulia na zote nimezikata kwa kipimo kimoja. Halafu kinachonichanganya kabisa, mpwa wangu wa miaka 11 anapanda na kushuka hana habari. Wajuzi wa mbao na wajuzi wa skeiti nisaidieni kabla sijaanza kufumua.

#2 MsumariWaNchi6
Weka picha mkuu, uzi bila picha haunogi. Nipo siti ya mbele.

#3 Kibao_Kinateleza
Ni radiasi. Sm 150 kwa kimo cha sm 90 ni kali mno. Piga hesabu uone, pembe pale juu inafika nyuzi 66. Ungechora kwa sm 180 ingekuwa nyuzi 60 kamili na rampu ingetambaa chini sm 156 badala ya sm 137 uliyonayo. Umeokoa sm 19 za uwanja ukapata ukuta. Hili kosa nimeliona mara nyingi sana, mtu anabana nafasi anasahau kuwa ni yeye atakayepanda hapo.

#4 Mama_Randa
Tusikimbilie radiasi. Bomba limetokeza kiasi gani? Laza rula ndefu kwenye tao hapo juu upime, linatakiwa litokeze kati ya mm 6 na 10, kwenda mbele na kwenda juu. Likizidi hapo gurudumu linagonga linasimama, wewe unaendelea. Likipungua hulisikii kabisa na traki, vile vyuma vinavyobeba magurudumu, hazishiki.

#5 Fundi_wa_Jioni
@MsumariWaNchi6 picha zinakuja jioni. @Mama_Randa nimetoka kupima sasa hivi, kulia mm 9, kushoto mm 15. Asante sana, hili sikuwa nalijua.

#6 Tabaka_Tatu
Basi kesi imeisha. Mm 15 ni kizingiti cha mlango hicho. Shusha bomba.

#7 Kibao_Kinateleza
Haijaisha. Rudi #1 usome, kasema NIKIKARIBIA juu, bado hajafika kwenye bomba. Na kulia ni mm 9 ambayo Mama_Randa mwenyewe kasema iko sawa, mbona na huko anatupwa? Bomba linaweza likawa kosa la pili lakini la kwanza siyo.

#8 Nguvu_na_Mwendo
Ngoja niingie na fizikia kidogo. Ukishuka kimo cha sm 90 unafika chini na spidi ya kama mita 4.2 kwa sekunde, kama km 15 kwa saa, haijalishi una kilo ngapi. Pale chini tao linakukandamiza. Kwa radiasi ya 180 unasikia uzito wako mara 2, kwa 150 mara 2.2. Tofauti ipo lakini siyo ya kumtupa mtu mzima. Kwa hiyo #3 ana haki nusu.

#9 Kiuno_Chini
@Nguvu_na_Mwendo hesabu yako ni ya gololi, siyo ya mtu. Gololi iko juu ya mbao, mtu kiuno chake kiko juu ya ubao. Mtu mzima aliyekunja magoti uzito wake umekaa kama sm 80 au 90 juu ya magurudumu, kwa hiyo kwenye tao la 150 kiuno kinazunguka kaduara ka sm 60 au 70 tu! Miguu inakimbia mbele kwenye duara kubwa, kiuno kimebanwa kwenye kaduara kadogo, ukichelewa kidogo tu umebaki nyuma. Mtoto wa miaka 11 kiuno chake kiko chini zaidi, duara lake ni kubwa kuliko lako. Ndo maana mpwa anapita. Ni urefu wa mleta uzi na radiasi, basi.

#10 Nguvu_na_Mwendo
Hapo umenikamata mkuu, nakubali. Gololi haina kiuno.

#11 Seremala_wa_Kale
Nyie wote mmeruka sentensi moja, mbavu sm 40. Hapo ndipo pamelala ugonjwa. Plaiwudi ikibebwa na mbavu mbili ukiongeza nafasi mara mbili inabonyea mara nane, siyo mara mbili. Mimi naweka sm 20, na pale juu karibu na bomba naziweka karibu zaidi. Pia tabaka mbili za mm 9 zilizofungwa kwa skrubu tu bila gundi hazina ugumu wa plaiwudi moja ya mm 18, zina robo yake, kwa sababu kila moja inapinda kivyake. Jamaa akipanda anabonyeza shimo, gurudumu linatoka shimoni linapanda mbavu, ndo hicho "kitu kinachomnyanyua". Mpwa ni mwepesi, habonyezi. Simama katikati ya mbavu mbili uruke kidogo, mtu mwingine achungulie kwa chini.

#12 Tabaka_Tatu
Mzee Seremala lakini gundi ukipaka tabaka la juu likioza unalitoaje? Mimi nilipaka, ilibidi nibomoe na la chini lililokuwa zima kabisa.

#13 Seremala_wa_Kale
Sijasema apake gundi. Nimesema asidhani ana mm 18. Ugumu autafute kwenye mbavu.

#14 Sakafu_Ndefu
Kwangu mimi ni ile sakafu ya sm 180. Kwa spidi ya #8 unaivuka chini ya nusu sekunde. Unashuka upande mmoja hujajiweka sawa tayari upande wa pili umekufikia usoni. Ya kwangu ilikuwa hivyohivyo, kimo hichohicho, nikawa naanguka nalaumu viatu, nalaumu magurudumu, mwisho nikaongeza sakafu ikafika sm 240 na siku ileile nikapanda mara kumi mfululizo. Tao sikuligusa.

#15 Kibao_Kinateleza
Sawa ila sakafu fupi haielezi kwa nini kushoto ni kubaya kuliko kulia. Sakafu ni moja hiyohiyo.

#16 Sakafu_Ndefu
Inaeleza kama mguu wake wa mbele ni wa kushoto! Upande mmoja anaupanda akitanguliza mguu aliouzoea, upande wa pili anarudi kinyumenyume. Mleta uzi tuambie.

#17 Fundi_wa_Jioni
Natanguliza mguu wa kushoto. Ila nikifika juu huwa nageuka, sirudi kinyumenyume.

#18 Historia_ya_Magurudumu
Kwa faida ya wengi, hafupaipu (rampu mbili zinazotazamana kama hii) za mwanzo miaka ya 1970 hazikuwa na sakafu kabisa, zilikuwa herufi U tupu, tao linakutana na tao. Sakafu ya katikati ilikuja mwishoni mwa muongo huo, ndo watu wakapata muda wa kupumua na kujipanga kabla ya ukuta wa pili. Kwa hiyo hoja ya #14 ina mizizi.

#19 MsumariWaNchi6
Na ndo zile rampu za Olimpiki 2020?

#20 Historia_ya_Magurudumu
Michezo yenyewe ni ya Tokyo 2020 lakini ilichezwa 2021. Na hafupaipu haikuwemo, skeiti ilikuwa na aina mbili tu, ya mtaani na ya kwenye bakuli.

#21 Tabaka_Tatu
Mimi nilijua yule mcheza skeiti Tony Hawk alizunguka nyuzi 900 kwenye rampu ya nyumbani kwake.

#22 Historia_ya_Magurudumu
Hapana, hiyo ilikuwa mashindano ya X Games, San Francisco, 1999. Mizunguko miwili na nusu hewani. Unayemtaka kwa mambo ya nyumbani ni mcheza skeiti mwingine, Bob Burnquist, huyo alikuwa na rampu kubwa kupita kiasi, ile MegaRamp, nyuma ya nyumba yake kule Vista, California.

#23 Mama_Randa
Turudi kwa mleta uzi jamani, ana mm 15 zake hapa. Swali langu la pili, tao ulilichora kwa kutumia nini?

#24 Fundi_wa_Jioni
Kamba ya nailoni, msumari upande mmoja na penseli upande wa pili. Nilichora ubavu mmoja, yaani ile plaiwudi ya pembeni inayobeba tao, nikaukata, halafu ule wa pili nikachora upya. Rampu ya kulia nilifanya tofauti kidogo, nilichora mmoja nikaulaza juu ya plaiwudi nikafuatisha.

#25 Mama_Randa
Aaah! Kumbe. Usichore tao la rampu kwa kamba ndugu yangu. Mimi rampu yangu ya kwanza nilichora kwa kamba, nikaona mstari umetulia kabisa kwa macho. Siku ya kufunga mbavu naweka pimamaji kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, kitone cha hewa kinakimbilia kulia, mbavu ya pili kinakimbilia kushoto, mbavu ya tano kikarudi kulia. Nikashusha zile mbao mbili za pembeni nikazibananisha, nikaona mwanga unapita katikati yake, upana wa kidole hapa, pale hakuna. Kamba inavutika. Mkono ukianza una nguvu, ukifika katikati umechoka unalegeza, penseli inalala, na kwenye msumari kamba inajizungushia kidogokidogo inafupika.

Tumia ufito wa mbao ulionyooka. Toboa tundu moja upitishe msumari, pima sm 150 toboa la penseli, libane kabisa penseli isicheze. Ufito hauvutiki. Na ukishakata ubavu wa kwanza ukauparua kwa msasa mpaka umekubali, huo ndo mama wa zote, nyingine zote unafuatisha huo huo. Usichore upya hata siku moja.

#26 Seremala_wa_Kale
Naunga mkono dada Randa kwa kila neno. Ila bado nasema mbavu.

#27 Mchoraji_Ramani
Kuna njia ya kupima tao bila kufumua chochote. Chukua ubao ulionyooka wa sm 100 kamili, usimamishe kwa ukingo wake ndani ya tao, ncha mbili ziguse plaiwudi, kisha katikati pima kina kutoka ubao hadi plaiwudi. Kwa radiasi ya 150 unatakiwa upate sm 8.6. Kwa 180 ni sm 7.1. Pima chini, katikati na juu. Kama namba ni moja kote tao ni zima, kama zinatofautiana una tao lenye kigongo.

#28 Kiuno_Chini
Mkuu #27 njia safi, nasahihisha kitu kimoja. Radiasi ya 150 ni ya ubavu, yeye anateleza juu ya plaiwudi mbili za mm 9. Toa sm 1.8, inabaki 148.2. Kwa hiyo atarajie sm 8.7 siyo 8.6.

#29 Mchoraji_Ramani
Sahihi kabisa, 8.7. Asante.

#30 Jirani_Halali
Samahani kutoka nje ya mada kidogo, kelele mnazifanyaje? Rampu yangu ikipandwa ni kama ngoma, majirani wamenijia mara mbili, na wana haki maana hata mimi nikiwa ndani nasikia.

#31 Tabaka_Tatu
Ni ngoma kweli, sanduku tupu lenye ngozi juu. Ziba mgongo wa rampu, na tandika zulia kuukuu kwa ndani, libanwe chini ya plaiwudi kabisa lisining'inie. Magurudumu nayo, yale magumu ya 99A yanapiga kelele kuliko laini ya 78A (hizo ni namba za ugumu), ila laini yanakula spidi yako. Na kaa saa ambazo watu hawajalala.

#32 Mama_Randa
Ila zulia lisiguse ardhi, linanyonya maji. Rampu inaozea chini siyo juu, watu wanahangaika na turubai juu wakati unyevu unapanda kutoka ardhini. Inyanyue juu ya matofali upepo upite. Na turubai likilala juu ya plaiwudi usiku kucha unakuta asubuhi jasho limejaa, liinue kwa mti katikati.

#33 Jirani_Halali
Shukrani, naanza na zulia.

#34 Kibao_Kinateleza
Kabla hajaja na vipimo, mleta uzi umetumia skrubu gani? Kama ni zile nyeusi za jipsamu zitoe zote. Zina shingo kavu, rampu inacheza kila siku, zinakatika kichwa kinabaki juu kama upanga. Mimi nina kovu kwenye kiwiko la kichwa cha skrubu. Tumia za mbao, na vichwa vizame chini ya plaiwudi.

#35 Fundi_wa_Jioni
Ni za mbao na nimezamisha zote, hilo nilikuwa makini. Pole na kiwiko mkuu.

Sasa vipimo, nimepima kila sehemu mara tatu na mpwa kashika ubao.

Kulia: chini 8.7, katikati 8.7, juu 8.8.
Kushoto: chini 8.0, katikati 8.1, juu 9.3.

Nimefanya na la Mzee Seremala, nimeruka katikati ya mbavu mpwa akachungulia. Anasema plaiwudi inashuka "kama kucha ya kidole gumba". Akiruka yeye haoni kitu.

#36 Mama_Randa
Hiyo kushoto ni kamba. Nimemaliza.

#37 Mchoraji_Ramani
Tuzisome. Sm 8.0 ni radiasi ya kama 160. Sm 9.3 ni kama 139. Yaani unapanda tao pole, halafu theluthi ya mwisho linakukunjia ghafla. Hicho ndo kinachokunyanyua kabla hujafika kwenye bomba. Na msishtuke mkadhani kamba ilivutika sm 20, hapana, milimita chache tu za kukosea kwenye mstari zinabadilisha kupinda kwa kiasi hicho.

#38 Kibao_Kinateleza
Sawa, kushoto nakubali. Kulia? Tao zima, bomba zima mm 9, na bado anatupwa. Kwa hiyo sm 150 ni ndogo kwake. Nilisema #3.

#39 Seremala_wa_Kale
Kulia ni mbavu, kijana kashaona kwa macho yake plaiwudi inashuka kama kucha. Na hata ile 9.3 ya kushoto nina wasiwasi nayo. Plaiwudi ukiipinda inataka kunyooka, kama chini haikuvutwa vizuri na skrubu inajitenga na ubavu, pale juu inabanwa na bomba. Unapima plaiwudi unadhani umepima ubavu. Ulizilaza upande gani? Nyuzi za mbao za juu zilikwenda sambamba na bomba au zilipanda pamoja na tao?

#40 Fundi_wa_Jioni
Kulia ziko sambamba na bomba. Kushoto zimepanda na tao, vipande havikutosha nikazungusha.

#41 Seremala_wa_Kale
Ehee! Hapo sasa. Zikipanda na tao plaiwudi inagoma kupinda, inasukuma skrubu. Sambamba na bomba inalala yenyewe. Siyo kamba peke yake dada Randa.

#42 Mama_Randa
Mzee wangu ni rahisi kujua. Achungulie kwa chini atazame kama kuna mwanga kati ya ubavu na plaiwudi. Ukiwepo umeshinda wewe, usipokuwepo ni kamba.

#43 Sakafu_Ndefu
Na mimi nasubiri aongeze sakafu mwone. Ni plaiwudi kidogo na dakika arobaini za kazi, wakati nyie mnamwambia afumue rampu nzima.

#44 Kiuno_Chini
Jaribio la bure kuliko yote, panda kulia ukiwa umechuchumaa kabisa, kiuno chini. Ukipita salama basi ni urefu na radiasi. Vaa helmeti na kinga za magoti na za viganja, ukidondoka angukia magoti uteleze usijizuie na mikono.

#45 Kibao_Kinateleza
Akichuchumaa vilevile anaongeza balansi, kwa hiyo hata akipita haithibitishi chochote.

#46 Fundi_wa_Jioni
Nimewasoma wote na nimeguswa sana. Nimetoka kuchungulia kushoto na tochi. Mwanga upo, lakini siyo chini alikosema Mzee Seremala. Uko katikati, kati ya mbavu ya tatu na ya nne, karatasi mbili zinapita, ya tatu inakwama. Ubavu wa nje hauna, ni ule wa ndani tu. Kesho nashusha bomba la kushoto lirudi mm 9, naongeza mbavu katikati ya zilizopo pande zote mbili, halafu nafungua plaiwudi ya kushoto niulaze ubavu wa kulia juu ya ule wa ndani nione.

#47 Seremala_wa_Kale
Ule wa ndani ndo uliochora wa kwanza au wa pili?

#48 Fundi_wa_Jioni
Wa pili.

#49 Mama_Randa
🙌

#50 Seremala_wa_Kale
Subiri kwanza dada, plaiwudi bado haijafunguliwa.

#51 MsumariWaNchi6
Na picha bado hazijaja.